AFYA YA NYUMBANI: Kichwa Kinapowaka

Mwezi uliopita tuliletewa barua na mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, akitueleza khabari za binti yake mwenye umri wa miaka 18. Kichwa cha binti huyu kilianza kuwasha siku ya Jumamosi. Kufika Jumapili kilikuwa chekundu nyuma ya masikio na katika paji la uso, pale nywele zinapoanzia, na wiki haijesha kikawa kinatoka majimaji. Mama akampaka mafuta ya nazi, muwasho ukazidi. Jirani akashauri limau. Binti akalia usiku kucha. Mjomba akaja na marhamu kutoka dukani, ile ambayo watu huipaka kwa kila kitu, na kwa siku 4 kichwa kikatulia. Kisha kikarudi vile vile. Mwisho wa barua mama anatuuliza ampake nini tena.

Twamwomba mama yetu asituone wagumu tukimwambia kwamba swali hilo limekuja kabla ya wakati wake. Kichwa chekundu kiwashacho si ugonjwa mmoja. Ni kama moshi uonekanao juu ya makuti: mwenye nyumba hamwagi maji kabla hajajua kama ni jiko la mpishi au ni paa lenyewe linaloungua. Maradhi zaidi ya matano huja na wekundu huo huo na muwasho huo huo, na dawa ya moja huweza kuwa chakula cha jingine.

Udhia wa kichwa si jambo la leo. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, Waislamu walipokuwa Hudaybiya nao wamehirimia, Mtume (s.a.w.) alimwona sahaba Ka'ab bin Ujra chawa wakimwanguka usoni, akamwuliza kama wadudu hao wanamwudhi. Naye alipokubali, ikawa ruhusa yake kunyoa kabla ya wakati, na fidia yake ni kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja mnyama. Na asili ya hukumu hiyo ni aya ya 196 ya Sura al-Baqara. Wanavyuoni wameyaeleza mambo haya kwa urefu mahali pake. Sisi hapa twataka kuonyesha jambo moja tu: mtu aliangaliwa, kisha akaulizwa, ndipo ikaja ruhusa iliyoiondoa sababu yenyewe.

Basi na tuangalie kwanza. Mketishe mgonjwa karibu na dirisha mchana, uzigawe nywele kwa mkia wa kitana, njia baada ya njia, tangu kisogoni hata utosini. Wala usitafute rangi nyekundu peke yake. Vitabu vingi vya utabibu viliandikwa na watu wenye ngozi nyeupe, navyo husema "wekundu". Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi, au zambarau, au kijivu. Wazazi wangapi wamesema "mbona si chekundu," na mtoto anateseka! Tumia vidole pia: pana joto? Pamevimba? Pana maumivu ukigusa?

Baada ya macho, maswali. Swali la kwanza ni hili: nani mwingine nyumbani anajikuna? Ikiwa ni wawili au watatu, khasa watoto wanaolala pamoja, watafute chawa kisogoni na nyuma ya masikio. Mayai yao hushikamana na unywele hata yasiondoke kwa kupulizwa wala kwa kupukutwa, na mba hupukutika. Hiyo ndiyo tofauti yake. Kwa mtu apataye chawa mara ya kwanza, muwasho huweza kuchelewa wiki 4 mpaka 6, kwa hiyo usiseme "hajalala kwa watu mwezi mzima" ukadhani umeyamaliza. Mayai huanguliwa kwa siku 7 mpaka 10, ndiyo maana dawa nyingi za chawa hurudiwa. Wala hapana aibu. Chawa hupenda kichwa kilichooshwa kama wapendavyo kisichooshwa.

Swali la pili ni umri. Mtoto mdogo mwenye kiraka kimoja au viwili, nywele zimekatika karibu na ngozi na juu yake pana ungaunga, huyo mdhanie mapunye, ndiyo choa ya kichwani. Hapa watu wengi hukosea, nao hukosea kwa kupaka. Kuvu za mapunye hazikai juu ya ngozi tu. Huingia ndani ya unywele na katika shina lake, na marhamu haifiki huko. Dawa yake humezwa, kwa wiki kadhaa na kwa kipimo kilingane na uzito wa mtoto: griseofulvini kwa wiki 6 mpaka 8 au zaidi, au terbinafini kwa muda mfupi zaidi, kwa kadiri daktari aonavyo aina ya kuvu. Mzazi aachaye dawa wiki ya pili kwa kuwa muwasho umekwisha, atarudi hospitali.

Tena mapunye mengine huvimba yakawa uvimbe laini kama embe lililoiva, yakatoa usaha, na mtoto akashikwa na homa. Watu huuita jipu, wakautafutia wembe. Tafadhali msiupasue. Dawa yake ni hiyo hiyo ya kumeza, nayo ianzwe upesi, kwa sababu uvimbe huo ukikaa huacha kovu lisiloota nywele tena. Angalieni mashine ya kinyozi, vitana, mito, na kofia. Katika chuo watoto hubadilishana kofia kila siku kwa mchezo, na mwalimu akidhani wanacheza tu.

Kwa watu wazima na vijana waliokwisha kubaleghe, mwenye makosa mara nyingi ni mba. Si ile michache ionekanayo mabegani, bali ile iliyozidi ikawa na magamba ya manjano yenye mafuta, na wekundu chini yake. Mba hii hupenda pia nyusi, pembe za pua, nyuma ya masikio na kifua. Ukiiona huko, umekwisha kupata jibu la kichwani. Sababu yake yahusiana na kuvu ndogo za jamii ya hamira, ziitwazo Malassezia, ambazo hukaa katika ngozi ya kila mwanadamu na kula mafuta ya ngozi. Wataalamu wanapotaka kuziotesha katika maabara huzipa mafuta ya zeituni. Twasema hili tukijua kwamba bibi zetu hawatalipenda. Mafuta ya nazi katika nywele ni pambo na ni kinga, hatuna neno juu yake. Lakini kuyasugua katika ngozi yenye mba nyekundu ni kumkaribisha mgeni chakula huku ukimwomba aondoke. Mtu wa namna hii hufaa aoshe kichwa kwa shampuu ya ketokonazoli mara 2 kwa wiki, aiache povu lake likae dakika 5 kabla ya kulisuuza, kwa muda wa wiki 2 mpaka 4. Kisha mara moja kwa wiki moja au mbili, kwani mba hutulizwa, haitoki kabisa.

Magamba yakiwa mazito, meupe kama fedha, yamevuka mpaka wa nywele, na viwikoni na magotini pana mengine kama hayo, huo huenda ukawa ugonjwa uitwao soriasisi. Hauambukizi, na mara nyingine hufuata ukoo. Daktari wa ngozi ndiye mwenyewe. Na binti mwenye vipele vidogo katika mstari wa nywele, ambaye alisukwa juzi na hakuweza kuulaza upande wake, huyo hana ugonjwa. Ana msuko uliokazwa mno, nao ufumuliwe leo, maana shina la unywele likivutwa miaka mingi hufa.

Sasa turudi kwa binti wa barua yetu, kwa sababu yeye hakuwa na chawa, wala kiraka, wala magamba. Tulimwandikia mama yake maswali mawili. Je, alipakwa nini kichwani katika siku 3 kabla ya Jumamosi ile? Na je, amewahi kupakwa piko mikononi?

Majibu yalikuja upesi. Siku ya Alkhamisi alitia nywele rangi nyeusi kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Alipokuwa na miaka 9, katika harusi ya shangazi yake, alipambwa kwa piko. Baada ya siku 2 maua yale yakavimba yakawa malengelenge, na alama yake ikabaki mkononi miezi mingi. Watu wakasema ni jicho. Hakuna aliyeyaunganisha mambo haya mawili, na wala hatuwalaumu, maana kati yake ilipita miaka 9.

Hina ni jani la mhina. Rangi yake ni ya machungwa au nyekundu ya kahawia, nayo hutaka saa nyingi ili ikolee. Hapana mti duniani utoao hina nyeusi ya kukolea mara moja. Weusi wa piko hutoka katika dawa ya kiwanda iitwayo parafenilinediamini, ambayo ndiyo imo pia katika rangi nyingi za kudumu za nywele. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yairuhusu katika rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi sehemu 2 katika 100 baada ya kuchanganywa, na kuipaka katika ngozi hairuhusiwi kabisa. Kwetu unga huu huchanganywa katika kibakuli kwa kukisia, ukachorwa katika ngozi ya mtoto na kuachwa ukauke.

Baadhi ya miili huikataa dawa hii; ndio mzio. Nao mwili ukiisha kuijua hausahau. Mara ya pili hutambua upesi zaidi na kwa ukali zaidi, hata uso ukavimba na macho yakafunga. Jambo linalowapoteza watu ni kwamba mzio wa namna hii hauji saa ile ile. Huja baada ya siku 1 mpaka 3. Kwa hiyo mtu huilaumu sabuni ya jana, na rangi ya juzi ikaachiliwa huru. Dawa ya kulainisha nywele ikiunguza, huunguza pale pale, mtu akalia kabla hajainuka kitini; rangi hungoja. Ndiyo maana twauliza siku 3 nyuma, si jana.

Ama ile marhamu ya mjomba, nyingi za namna hiyo zimechanganywa na dawa kali ya kutuliza ngozi. Huuzima wekundu wa kila sababu kwa siku chache, na hapo ndipo hatari yake: chini ya utulivu ule mapunye huendelea kuenea, na daktari akiangalia haoni tena alama zake. Kwa binti huyu dawa ya jamii hiyo ndiyo iliyofaa, lakini kwa nguvu na muda uliopimwa, kwani mzio wa kichwa huchukua wiki kadhaa kupoa. Alikwenda hospitali na paketi ya rangi mkononi, kama tulivyomwomba. Twawashauri wote wafanye hivyo: chukua paketi, chupa na mrija wa kila ulichopaka, na uandike tarehe. Daktari akitaka hakika, hukwangua magamba au hung'oa unywele akautazama kwa hadubini, au hubandika vibandiko mgongoni kwa siku 2 ili ajue mwili wakataa nini.

Asiyepata kudhurika na apendaye kutia rangi, ajaribu kidogo kama paketi isemavyo, saa 48 kabla. Lakini aliyewahi kutoka malengelenge kwa piko asijaribu hata tone. Aiache rangi ya namna hiyo maisha yake yote, na amwambie daktari wa meno pia, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi, na hata baadhi ya rangi za nguo, ni jamaa zake. Na maadamu tumetaja hina: mtoto mchanga asipakwe hata ile safi, kwani wako watoto wenye upungufu katika damu uitwao G6PD, ambao hina huweza kuivunja damu yao.

Uso ukivimba, pumzi ikiwa nzito, homa ikija, au nywele zikianza kutoka kwa viraka, msingoje toleo letu lijalo. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Juzi mama yule ametuandikia tena. Kichwa kimepona, ila ngozi nyuma ya sikio la kushoto bado ni nyeusi kidogo. Binti ameposwa, na harusi ni Mfunguo Saba. Somo wake alikuja na mpambaji kuulizia maua, na binti mwenyewe ndiye aliyejibu kabla ya mama yake: hina, tena ya majani yaliyotwangwa hapa nyumbani mbele ya macho yake.