Randevu ku lopitali si ya wakubwa tu

Pita siku ya kwanza asubui mbele ya lopitali yoyote ya mji wetu, uangalie benchi. Jua halijatoka bado, lakini kaye za wagonjwa ziko tayari zimepangwa, moja nyuma ya ingine, na jiwe juu ili upepo usizibebe. Mama mumoja iko na mutoto ku mugongo. Baba mumoja ametoka poste ya usiku, angali na viatu vya kazi ku miguu. Munganga atafika saa ngapi? Hakuna anayejua. Baba anakohoa, anahesabu: kama anaenda kulala sasa, atapata usingizi kidogo mbele ya poste ya leo usiku, kama anangoja, hatalala hata kidogo. Mwisho anakamata kaye yake, anapita ku farmasi: «Munipe ya malaria na ya kikohozi.»

Kwetu sisi, hapo njo matunzo inapotelea, mbele hata munganga hajamugusa mugonjwa.

Watu wengi wanafikiri randevu ni kitu ya wakubwa. Mukubwa anapiga simu, anafika saa yake, anaingia. Wengine, paka mulongo. Lakini mwenye kuhitaji saa yenye kujulikana kuliko wote ni yule wa poste, juu saa zake si zake. Akikosa munganga leo, juma ijayo yuko poste ya asubui, hatapata njia tena.

Na tunajua kikohozi ya Likasi si ugonjwa mumoja. Mutu aliyetoboa mawe miaka mingi, aliyefanya ku concasseur ao chini ya udongo, amevuta vumbi yenye haionekane na macho. Ile vumbi ya jiwe inaingia ndani kabisa ya mapafu na haitoki. Kidogo kidogo mapafu inakuwa ngumu. Huo ni ugonjwa wa silikozi. Mara nyingi unaonekana kisha miaka kumi ao zaidi, wakati mwingine mutu amekwisha kuacha kazi. Hakuna dawa inayouondoa, lakini ukijulikana mapema, mutu anaweza kutolewa pa vumbi. Tena mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu, ile TB, kwa urahisi kuliko wengine. Magonjwa haya mawili yanaanza karibu sawasawa: kukohoa, kuchoka, kukonda. Dawa ya malaria haiponyeshe hata moja. Na kama ni TB, mwezi ule mutu anapoteza na dawa za farmasi, analala chumba kimoja na bibi na watoto.

Munganga mwenye mulongo mpaka ku mulango atauliza nini? Homa iko? Kichwa inauma? Enda ku labo. Karatasi inarudia: malaria na tifoide. (Hiyo tifoide ya karatasi, muwe na mashaka nayo kidogo: egzameni ya Widal inaweza kuonyesha tifoide hata kama haiko. Lakini hiyo ni habari ya siku ingine.) Swali lenye kukosa ni hili: «Unafanya kazi gani, na tangu miaka ngapi?» Si swali mupya. Munganga mumoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi katika mwaka 1700, akaomba waganga waliulize kila mugonjwa. Kama munganga wako hakuulizi, baba, umwambie wewe mwenyewe. Umwambie na ile kazi ya zamani. Umuombe aandike ku kaye. Kama umekohoa zaidi ya juma mbili, uombe wapime makohozi, na kama ulifanya mu vumbi, uulize juu ya radiografi ya kifua.

Mazungumuzo kama haya haiwezekane mu dakika mbili, na haiwezekane na munganga mupya kila mara. Njo maana tunawaomba wakubwa wa lopitali na wa zone za afya zetu, Likasi, Kikula na Panda: mugonjwa anayepashwa kurudi, apewe siku, saa, na jina la munganga yule yule aliyemuona. Hatuombi ordinateri. Kaye moja kubwa na biki moja inatosha. Wa mara ya kwanza wangoje mulongo, haizuru. Lakini wa mara ya pili asianze tena ku sifuri.

Sisi nasi tuko na makosa. Tunaruka kituo cha afya cha kartye, tunakimbilia lopitali kubwa kwa kila homa, kisha tunalia mulongo ni murefu. Pale ku sentre kuko IT. Mambo mengi anaweza kuyamaliza, na ile inayomushinda anaandika karatasi ya kukutuma lopitali. Ile karatasi muichunge sawa feza.

Kwa wenye makampuni, neno moja. Code du travail ya 2002 inasema wazi: mwenye kuajiri anapashwa kumutunza mufanyakazi akigonjwa, pamoja na jamaa yake. Haisemi ni kwa makampuni makubwa tu. Wa sous-traitance nao wamo. Lakini bon ya matunzo inasaidia nini, kama chef wa poste anakataa kukuachilia? Mutu mwenye randevu ya saa mbili atakosa kazi kidogo ile asubui. Mutu wa mulongo atakosa siku muzima. Wahesabu wenyewe. Na kama munganga anaona ugonjwa umetoka ku kazi, unapashwa kutangazwa ku CNSS, hapana kufichwa.

Wazee wanatukumbusha wakati wa Union Minière na Gécamines, wakati kila camp ilikuwa na dispanseri yake. Ni kweli, hata kama kampuni ilichunga mikono iliyohitaji, na wakati wa ukoloni Muzungu na mweusi hawakulala lopitali moja. Kisha ikaja 2003, watu zaidi ya 10 000 wakatoka Gécamines katika ile «départ volontaire», na jamaa nyingi zikabaki bila bon.

Creuseurs wao hawana bon hata siku moja. Wao wajue hii: mu programu ya taifa ya TB, kupima makohozi na dawa za miezi sita ni bure. Mutu akikuomba feza ya dawa ile, uulize juu ya nini, tena kwa sauti.

Mwisho, kuko mambo yenye hayana randevu: mutoto anayepata degedege, mama mwenye mimba anayetoka damu, mutu anayetema damu ao anayeshindwa kupumua. Hao, muende nao moja kwa moja, hata usiku, na mupite mbele ya mulongo.