Gari la Jumatatu na mzigo wa Jumapili

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ingewafaa sana wale jamaa wa Nairobi wanaotafuta gari moja la kufanya kazi mbili: kupeleka watoto shuleni na baba kazini siku za juma, kisha mwisho wa juma kuvuta trela lililobeba gari la mashindano.

Usidhani hili ni jambo la matajiri wa Karen peke yao. Tangu Safari Rally irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, vijana wengi waliozoea kwenda Naivasha kutazama vumbi wameanza kutamani kuonja usukani wenyewe. Kijana hununua Subaru Impreza kuukuu, akaondoa viti vya nyuma, akafunga vyuma vya kulinda abiria gari likipinduka, akaweka springi ngumu na tairi za mbio. Ikifika hapo, gari hilo halifai tena kwenda sokoni wala kanisani. Swali linabaki: litafikaje uwanjani, na muhimu zaidi, litarudije nyumbani likivunjika?

Zamani mambo yalikuwa mepesi kidogo. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, magari yaliyoshindana yalikuwa ya aina ile ile iliyouzwa madukani. Mwaka 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine kabla yao. Siku hizi gari la mbio limekuwa chombo cha kazi moja. Klachi ikiungua katika mzunguko wa tatu, hakuna cha kulirudisha mjini ila trela au lori.

Na tuseme wazi kwamba trela lina heri yake. Kijana anayepakia gari lake na kwenda kukimbia mahali palipotengwa, penye daktari na wazima moto, ni afadhali mara mia kuliko yule anayejaribu mwendo wake usiku katika barabara ya Southern Bypass, penye watu wanaovuka na malori yasiyo na taa.

Chagua kwa kazi ya kila siku

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchagua gari kwa kufikiria Jumapili. Tuchukue mfano wa familia inayoishi Kileleshwa. Baba anafanya kazi katikati ya jiji, mama yuko Upper Hill, na watoto wawili wanasoma Lavington. Hata wakishiriki mashindano mara 10 kwa mwaka, ambayo ni mengi, bado zinabaki siku 355 ambazo gari hilo halivuti kitu. Siku hizo litakuwa likijikokota Ngong Road nyuma ya matatu, likitafuta maegesho karibu na Kenyatta Avenue, na kupinda katika njia nyembamba za maegesho yaliyo chini ya majumba.

Hapo ndipo pikapu ya milango minne inapoanza kuonyesha aibu yake. Toyota Hilux ya aina hiyo ina urefu wa mita 5.3 hivi. Ni gari hodari, lakini nafasi nyingi za maegesho mjini hazikuchorwa kwa ajili yake, na mkia wake hubaki umetokeza njiani. Isitoshe, likiwa tupu springi zake za nyuma hurusharusha abiria, na mvua ya Aprili ikinyesha, mabegi ya shule na unga wa mama hulowa huko nyuma usipoweka kifuniko.

Toyota Prado nayo ni fupi zaidi, karibu mita 4.8, ina viti vya familia nzima, na nyanya akitoka kijijini hukaa kwa starehe. Ubaya wake ni bei, na macho ya wezi. Kumbuka pia kwamba nchini Kenya kwa kawaida hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na ushuru hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo wengi watajikuta wakipitapita katika viwanja vya kuuzia magari kando ya Ngong Road, wakitafuta lililokwisha kutumika humu humu nchini. Si vibaya, almuradi fundi wako aliingie chini na kulichunguza kabla hujatoa pesa.

Piga hesabu ya uzito

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Impreza ya mashindano ina uzito wa kilo 1,300 hivi. Ongeza tairi za akiba, jeki, sanduku la vifaa na madebe ya mafuta: kilo 150. Trela lenyewe la ekseli mbili, lililoundwa kwa chuma, laweza kufika kilo 600. Jumla ni zaidi ya kilo 2,000, yaani tani mbili zinazokufuata nyuma.

Kila kiwanda huweka kiwango cha uzito ambao gari laweza kuvuta. Pikapu za dizeli za siku hizi kama Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, zile za kuendesha magurudumu yote manne, nyingi hupewa kilo 3,500 kwa trela lenye breki zake. Prado ya dizeli hupewa kama kilo 3,000. Subaru Forester, ambayo ni kipenzi cha jiji hili, hupewa kati ya kilo 1,500 na 1,800 kutegemea mwaka na injini. Kwa hiyo Forester, hata ikiwa na injini yenye hasira, haikuundwa kuvuta Impreza juu ya trela. Toyota Fielder na Probox hata tusizitaje.

Usiseme, "Mbona nimemwona jirani akivuta?" Huenda ulimwona akienda, hukumwona akisimama.

Jambo jingine la kuangalia ni giaboksi. Magari mengi madogo ya siku hizi yana giaboksi isiyo na gia za kuhesabika, inayotumia mkanda wa chuma. Hiyo huteleza vizuri mjini, lakini ikibebeshwa tani mbili kwenye mlima hupata joto na kufa mapema. Tafuta gia za kawaida, za mkono au za kujibadili zenyewe, na rejeta iliyo nzima.

Mtu asikushauri pia kuivuta Subaru ya magurudumu yote manne huku mawili yakiwa hewani na mawili yakiburuta barabarani. Utafika na giaboksi iliyosagika. Gari la namna hiyo hubebwa zima.

Nairobi iko juu

Ziko sababu za kijiografia pia. Jiji letu limekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Limuru ni juu zaidi. Hewa hapa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Prado ya petroli ya lita 2.7, ambayo tayari yenyewe ina uzito wa karibu tani mbili, ikipewa tani mbili nyingine katika mlima wa Kikuyu hulia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na mafuta yatakayokwenda utayahesabu kwa machozi. Dizeli yenye turbo haisumbuki sana, kwa sababu turbo huisukumia hewa.

Lakini dizeli nayo ina masharti yake. Zile za kisasa zina kichujio cha masizi katika njia ya moshi. Gari likiishi kwa safari fupi za Kileleshwa hadi mjini na kurudi, bila kupata moto wa kutosha, kichujio huziba, na kukibadilisha ni gharama ya kumfanya mtu akose usingizi. Anayenunua dizeli ya namna hiyo alitoe nje ya jiji mara kwa mara, apate mwendo wa nusu saa bila kusimamasimama. Hapo angalau safari za mashindano zitakuwa zimelifaa gari.

Kusimama ni kazi kuliko kuvuta

Msomaji, ukisahau yote niliyoandika leo, kumbuka hili: swali si kama gari lako laweza kuvuta mzigo, bali kama laweza kuusimamisha. Kuvuta hata punda huvuta.

Safari ya kwenda Naivasha ni kilomita 90 hivi. Aliyetoka Karen au Lang'ata aweza kupita Southern Bypass hadi Kikuyu bila kugusa katikati ya jiji. Lakini baada ya Limuru kuna mteremko wa Mai Mahiu, ile barabara iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao waliacha kikanisa kidogo kando yake. Hapo kuna ukungu, malori yanayotambaa, na matatu zisizo na subira. Ukishuka huku umekanyaga breki muda wote, zitapata moto na kukataa kushika. Ingiza gia ya chini tangu juu, uiache injini ishike gari, na breki uziguse kwa vipindi.

Trela lililobeba gari lazima liwe na breki zake lenyewe. Viwanda vingi haviruhusu zaidi ya kilo 750 kwa trela lisilo nazo. Breki iliyo rahisi ni ile inayofanya kazi kwa kusukumwa: ukipunguza mwendo, trela husukuma kishikizo cha mbele, nacho huvuta nyaya za breki. Mafundi wetu wa jua kali ni hodari wa kuchomelea chuma, walakini mwulize fundi kuhusu breki kabla hujamwuliza kuhusu rangi. Akikwambia hazihitajiki, tafuta mwingine.

Upakiaji nao ni elimu. Uzito unaokalia ndoana ya gari uwe kati ya kilo 5 na 10 katika kila kilo 100 za trela na mzigo. Injini ya Impreza iko mbele, kwa hiyo ukilisogeza gari mbele au nyuma kidogo tu juu ya trela, hesabu hubadilika. Uzito ukienda nyuma, trela huanza kutikisa mkia, na mkia huo waweza kuipindua pikapu pamoja na watoto waliomo. Likianza kutikisika, usikanyage breki kwa nguvu wala usigeuzegeuze usukani. Shika wima, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, liache litulie.

Funga gari kwa mikanda minne imara, moja kila pembe, na unganisha mnyororo wa akiba kati ya trela na gari. Baada ya kilomita chache simama ukague, kwa maana mikanda hulegea.

Sheria na mahali pa kulala

Trela husajiliwa na NTSA na kupewa nambari yake yenyewe inayoanza kwa herufi Z, na taa zake za nyuma sharti ziwake pamoja na za gari. Kabla ya safari ya kwanza, mwulize wakala wako wa bima kwa maandishi: je, hati yangu inanikinga nikiwa nimevuta trela? Bima ya kawaida ya gari la nyumbani yaweza kukuacha mikono mitupu.

Tena kuna swali ambalo mama wa nyumba huliuliza mapema kuliko baba: litalala wapi? Wengi katika nyumba za ghorofa za Kileleshwa na Lavington wana nafasi moja au mbili za maegesho. Gari la kazi, gari la mbio na trela ni vitu vitatu. Asiye na ua wake ahesabu pia kodi ya kuliweka trela kwingine.

Njia ya tatu

Hebu sasa tujumlishe: tofauti ya bei kati ya gari dogo la mjini na pikapu ya dizeli, bei ya trela lenye breki, bima, maegesho, na mafuta ya ziada ya siku zile 355. Igawanye jumla hiyo kwa idadi ya safari za mashindano utakazokwenda kwa kweli, si zile unazoota. Kisha mwulize mwenye lori la kubebea magari atakutoza pesa ngapi kwa safari moja ya Athi River au Naivasha, kwenda na kurudi.

Kwa anayekwenda mara tatu au nne kwa mwaka, mara nyingi lori la kukodi litashinda. Wawili au watatu wakichangia trela moja pia ni busara. Lakini aliyezama katika mchezo huu, mwenye ua mpana, na ambaye familia yake hata hivyo inahitaji gari kubwa kwa safari za mashambani, huyo anunue dizeli ya turbo yenye gia imara, ya viti kama watoto ni wengi, au pikapu kama mizigo ni mingi.

Muhimu ni kwamba karatasi ya hesabu hiyo iwekwe mezani nyumbani, isomwe na wote wawili kabla ya karo ya muhula kulipwa na si baada yake. Gari la mbio laweza kungoja msimu mwingine. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hangoji.

Tukutane Jumapili ijayo.