Polio, Chanjo na Wanaoifanya Sayansi Kuwa Dini





Leo tunapenda kuzungumzia jambo linalotusumbua sana sisi waalimu wa madrasa, nalo ni namna watu wetu wanavyoielewa sayansi. Wako wanaosema kuwa ni ujanja wa wazungu tu. Na wako wasomi wetu ambao wakishasema "sayansi imesema", basi mazungumzo yamefungwa, na anayeuliza ni mjinga. Makundi haya yanapingana lakini kosa lao ni moja: yote yameifanya sayansi kuwa dini, moja linaikufuru na jingine linaiamini.

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Tarehe 17 Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Virusi vilipatikana kwa mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya afya ya Isale ambaye hakuwa amechanjwa, kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye, na katika sampuli 5 za maji machafu. Ikaelezwa wazi kwamba virusi hivyo asili yake ni chanjo mpya ya matone iliyotolewa katika ukanda huu.

Kundi la kwanza likisikia hayo husema: "Si tulisema? Chanjo ndiyo ugonjwa wenyewe." Kundi la pili huona haya, likatamani habari ifichwe. Lakini ni wachache wanaouliza: limetokeaje?

Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akiyameza, mwili wake hujifunza kujikinga, na kwa wiki kadhaa virusi hivyo hutoka kwa njia ya choo. Penye watoto wengi waliochanjwa, hufa. Penye wengi wasiochanjwa na vyoo vibovu, huhama kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa miezi, vikibadilika kidogo kidogo, mpaka vikarudiwa na nguvu ya kupoozesha. Chanjo hii mpya, iliyoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya dharura mwezi wa Novemba 2020, ilitengenezwa ili isigeuke kwa urahisi kama ile ya zamani. Kutogeuka kwa urahisi si kutogeuka kabisa. Kwa hiyo dawa ya mlipuko kama huu ni kuwafikia watoto walioachwa.

Tena tutazame ni nani aliyeleta habari hii. Ni watu wa maabara wenyewe, waliosoma vinasaba vya virusi na kufuata nasaba yake mpaka kwenye chanjo waliyokuwa wakiitetea.

Mwendo huu si mgeni kwetu. Wanachuoni wa hadithi hawakupokea maneno kwa ukubwa wa kilemba cha msemaji. Walichunguza isnadi, mpokezi kwa mpokezi. Naye Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 1040, aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Batlamyus, ambaye elimu yake ya nyota ilikuwa ikiheshimiwa kwa karne nyingi.

Imani yetu kwa Allaah haingoji majibu ya maabara. Sayansi nayo haitudai shahada, bali inadai ushahidi, na ushahidi mpya ukija kauli hubadilika. Kubadilika huko si fedheha.

Basi wanafunzi, mkiambiwa "sayansi imesema", ulizeni kwa adabu: nani amepima, amepima wangapi, na je, mwingine amerudia akapata hayo hayo? Nanyi wazazi wa Buyenzi, Bwiza, Kinama na kwingineko, mwulizeni muuguzi lolote mnalolitilia shaka, kisha mtazame kadi za watoto wenu. Mguu uliopooza haurudi kwa kushinda ubishi barazani.

Allaah atuhifadhie watoto wetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillaahi tawfiyq.