Okidi Ile Msiitupe

Ile okidi iliyokaa mapokezi ofisini kwenu, au juu ya kabati la sebuleni, inaendeleaje? Ilikuja siku ya harusi au ya mahafali, imejaa maua. Maua yalipopukutika, nani aliendelea kuiangalia? Leo majani yamelegea na kukunjamana, na imeshasogezwa karibu na ndoo ya taka.

Tunawaomba, kabla haijatupwa, itoeni chunguni muitazame mizizi. Mzizi ulio hai ni mgumu ukiubonyeza. Ukikauka huwa wa kijivu kinachong'aa. Ukipata maji hugeuka kijani mbele ya macho yenu. Uliooza ni wa kahawia, na ukiubinya ngozi inachomoka, unabaki uzi mwembamba mkononi. Ikisalia hata mizizi michache mizima, na kitovu cha majani kingali kijani, jueni bado ipo hai.

Kateni iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Kisha, tafadhali, msiirudishe kwenye udongo wa bustani. Okidi ya madukani, Phalaenopsis, asili yake ni misitu ya Asia, ambako huishi imeshikilia magome ya miti, mizizi ikipigwa na upepo. Udongo unaiziba pumzi.

Je, kwenu hamfui nazi? Makumbi yake msiyatupe. Yakateni vipande, yalowekeni siku mbili na kuyasuuza ili chumvi itoke, changanyeni na vipande vya mkaa, mtie kwenye chungu chenye matundu.

Tatizo kubwa ni maji, na linatokana na wema. Wa mapokezi anamwagilia asubuhi, wa usafi anamwagilia mchana, mgeni naye anamalizia chupa yake humo humo. Wote wanaipenda! Basi kubalianeni mtu mmoja. Atie maji mizizi inaporudi kuwa ya kijivu, mara nyingi ni mara moja kwa wiki, ayaache yachuruzike yote, na yasituame katikati ya majani. Chungu kikae karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, mbali na jua kali la mchana. Maua huenda yakachukua mwaka. Jani jipya likichipuka, mshukuruni huyo mwenzenu.

Nanyi mlio mashambani, mnayo okidi yenu wenyewe: Ansellia africana, ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, hukaa juu ya miti na kuelekeza mizizi yake myeupe juu, ikidaka majani makavu. Ikiwa mtini, iacheni hapo hapo. Lakini mti wa shambani kwenu ukianguka nayo, mbona iungue pamoja na kuni? Ifungeni kwa kamba ya katani kwenye shina la mti ulio jirani, penye kivuli chepesi, kabla masika hayajaanza.