Shanga haikungoja meli ya Mchina

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwezi jana niliposti video kuhusu Shanga, ule mji wa magofu kando ya bahari kisiwani Pate, kule Lamu. Nikasema vile wengi husema: ati meli ya Zheng He kutoka China ilizama hapo karne ya 15, mabaharia wakaogelea hadi ufuoni, wakaua chatu aliyekuwa akiwasumbua wenyeji, wakaoa wakakaa, na jina Shanga likatoka Shanghai. Video ikashika moto. Tangu niache chuo sijawahi kupata watazamaji wengi hivyo.

Kisha nikaenda kununua mahamri kwa mama mmoja wa Lamu hapa Umoja. Kumbe ameiona. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani sisi tulikuwa tumelala tukingoja meli?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kejani kusoma, kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla ya kurekodi.

Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye misikiti midogo ya miti ya karne ya 8. Watu wa hapo walikuwa wanavua, wanafua chuma, na wananunua vyombo vya ng'ambo, hata vya China. Sasa piga hesabu. Meli za Zheng He zilifika pwani hii miaka ya 1400 na kitu. Shanga ilikuwa tayari na miaka zaidi ya 600! Na karibu mwaka 1425 watu walikuwa wanauhama huo mji.

Sisemi hekaya itupwe. Kuna familia za Pate zilizorithi stori ya hao mabaharia, na ni yao. Mwaka 2005 msichana mmoja wa huko hata alipelekwa China kusoma kwa sababu yake. Shida yangu ni kwamba hiyo ndiyo stori pekee tunayosimulia. Ugiriki imejaa vijiji vya pwani vyenye hekaya za miungu na mazimwi, na hakuna anayesema vilijengwa na wageni. Sisi wakoloni walituambia miji ya mawe si yetu, tukaitikia. Mimi pia niliitikia, tena kwa kamera.

Hata huku Eastlands ni hivyo. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina ni la Mzungu, lakini migongo iliyobeba mizigo ilikuwa ya babu zetu, na maelfu hawakurudi. Ni wangapi kati yetu hupita hapo kwa matatu wakijua?

Ile video nimeitoa, na watazamaji wake wote. Mpya inaanza na ule msikiti wa miti. Na wewe, mtaa wako unaitwa hivyo kwa nini? Kabla hujanijibu, muulize mzee mmoja.