Fedha za Barabara Zilizozaa Filamu

Mnamo miaka ya 1950, katika vitabu vya hesabu vya Serikali ya jimbo la West Bengal nchini India, liliandikwa fungu la mkopo wa matengenezo ya barabara. Fedha hizo hazikununua kokoto wala lami. Zilitengeneza filamu. Jina la filamu hiyo, Pather Panchali, maana yake ni wimbo wa njia, na wakubwa wa ofisi walioletewa shauri hilo waliidhania kuwa ni filamu ya kuhimiza maendeleo ya vijijini. Aliyeomba fedha hizo ni Satyajit Ray, mchoraji wa kampuni ya matangazo ya biashara, aliyekuwa ameupita kidogo umri wa miaka 30, na ambaye hakuwa amepata kumaliza filamu hata moja.

Kisa hiki huchekesha, na aghalabu husimuliwa kwa kuchekesha. Lakini mtumishi wa Serikali akikitafakari, na mwalimu naye akikitafakari, hapana shaka watakiona kuwa si cha kuchekesha tu. Kinatuuliza jambo zito: je, jamii humtambuaje mtu mwenye kipaji ambaye kazi yake haimo katika orodha ya kazi zinazojulikana?

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Ni neno la hekima, ila tumelitumia vibaya. Tumelifanya rungu la kumpigia kijana yeyote anayechora asubuhi, akaandika hadithi mchana na kupiga muziki jioni. Tunamwambia achague moja. Satyajit Ray hakuchagua moja. Alichora, akabuni majalada ya vitabu na mabango, akabuni herufi za chapa, akaandika hadithi, akahariri gazeti la watoto, akatunga muziki, na akatengeneza filamu 36, ndefu kwa fupi. Hakuna kilichomponyoka. Hoja yangu ni kwamba hakikumponyoka kwa sababu vyote hivyo kwake vilikuwa kazi moja.

Wengi wetu tukisikia habari ya filamu za Kihindi hukumbuka nyimbo, ngoma na machozi ya filamu za Bombay, zilizojaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Unguja kwa miaka mingi. Ray hakutoka huko. Alizaliwa tarehe 2 Mei, 1921, katika mji wa Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata, na filamu zake karibu zote ni za lugha ya Kibengali. Babu yake, Upendrakishore Ray Chowdhury, alikuwa mwandishi, mchoraji na mpiga chapa aliyeendeleza ufundi wa kuchapisha picha vitabuni, na ndiye aliyeanzisha gazeti la watoto liitwalo Sandesh mwaka 1913. Baba yake, Sukumar Ray, alikuwa mtunzi wa mashairi ya kuchekesha ambayo watoto wa Bengal wanayajua kwa moyo hata leo. Lakini Sukumar alifariki mwaka 1923, mwanawe akiwa na umri wa miaka miwili tu. Kiwanda cha chapa cha ukoo kikafilisika, na mama, Suprabha, akabaki na kazi ya kumlea mtoto huyo. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba Ray aliogelea katika mali. Alichorithi ni harufu ya wino na imani kwamba kuwafanyia kazi watoto ni kazi ya watu wazima.

Alisoma uchumi katika Presidency College, somo asilolipenda. Kisha, kwa kusihiwa na mama yake, akaenda Santiniketan, kwenye chuo alichokianzisha mshairi Rabindranath Tagore, kujifunza uchoraji. Huko alifundishwa na Nandalal Bose na Benode Behari Mukherjee. Hakumaliza masomo; aliondoka mwaka 1942. Pamoja na hayo, walimu hao walimpa kitu ambacho cheti hakiwezi kukipa. Kijana huyu wa mjini, aliyekuwa ameshiba muziki na filamu za nchi za Magharibi, alifunzwa kuitazama sanaa ya nchi yake kwa makini: mistari ya wachoraji wa kale, sanamu za mapangoni, umbo la jani, mwendo wa mwanakijiji. Alifunzwa kutazama. Mambo mengine yote yalitokana na hilo.

Mwaka 1943 aliajiriwa na kampuni ya Kiingereza ya matangazo ya biashara mjini Calcutta kwa mshahara wa rupia 80 kwa mwezi. Wapo watakaosema kwamba miaka ile ya kuchora matangazo ilikuwa ya kupotea. La hasha! Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akibuni majalada ya vitabu, na ndipo alipopewa kazi ya kuchora picha za toleo la watoto la riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, Pather Panchali. Alipokuwa akichora picha zile, mtoto Apu na dada yake Durga wakikimbia, bibi kizee aliyepinda mgongo, mvua ikiwanyeshea watoto, wazo lilimwingia kwamba hii ingeweza kuwa filamu. Mwaka 1950 waajiri wake walimpeleka London. Katika miezi michache tu aliyokaa huko alitazama filamu zipatazo 100, na moja kati ya hizo, filamu ya Kiitalia ya Vittorio De Sica kuhusu maskini aliyeibiwa baiskeli, ilimthibitishia kwamba filamu kubwa yaweza kutengenezwa barabarani, na watu ambao si waigizaji, kwa fedha kidogo.

Aliporejea hakuandika mchezo wa filamu kama ilivyo desturi. Alichora. Alikwenda kwa wenye fedha na daftari la michoro, tukio baada ya tukio, akawaonyesha filamu nzima kwa wino. Wenye fedha walitazama michoro wakauliza nyimbo ziko wapi. Wengine walitaka hadithi ibadilishwe; aliwakatalia. Tarehe 27 Oktoba, 1952, alianza kazi kwa fedha zake mwenyewe katika mbuga ya manyasi marefu yenye maua meupe. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana ambaye hakuwa amepata kushika kamera ya filamu. Walipiga picha siku moja, wakaondoka. Waliporudi wiki iliyofuata wakakuta ng'ombe wamekwisha yala maua yote. Ikawabidi kungoja msimu mwingine wa maua. Katika kungoja huko, na katika ngoja nyingine zilizofuata, Ray aliuza bima yake ya maisha na santuri zake, na mkewe, Bijoya, akatoa vito vyake viwekwe rehani. Fedha zilipokwisha, kazi ilisimama kwa muda mrefu.

Hapo ndipo Serikali ilipoingia. Mama yake Ray alikuwa na rafiki aliyefahamiana na Waziri Mkuu wa jimbo, Dk. B.C. Roy. Kwa njia hiyo shauri likafika ofisini, likatazamwa, na mkopo ukatolewa kwa mafungu. Ulitolewa ushauri kwamba mwisho wa filamu ufanywe kuwa wa furaha. Ray hakuufuata, na fedha alipewa hata hivyo. Filamu ilikamilika mwaka 1955. Mwaka 1956 ilipewa tuzo katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, na mwaka 1957 filamu iliyoifuata, Aparajito, ikapata tuzo kuu ya tamasha la Venice. Serikali ilirudishiwa fedha zake na ikapata faida juu yake. Sijui kama ipo barabara iliyotengenezwa mwaka ule ambayo ingali inapitika kama filamu ile.

Tuwape heshima yao watumishi wale, kwani walitoa fedha na hawakuishika kalamu ya msanii. Lakini tusidanganyane. Taifa haliwezi kuendesha sanaa yake kwa bahati ya afisa kulielewa jina vibaya. Ni vijana wangapi waliokuwa na daftari kama lile, ila mama zao hawakuwa na rafiki wa kuwafikisha kwa Waziri Mkuu? Daftari zao zililiwa na mchwa, nasi hatutajua kamwe tulichokikosa. Hilo ndilo swali ambalo kisa cha barabara kinamwachia kila mtu anayekaa nyuma ya meza yenye maombi ya wananchi.

Baada ya hapo Ray angeweza kutulia na kuwa mkurugenzi wa filamu tu. Badala yake mikono yake iliongezeka. Tangu mwaka 1961 alitunga mwenyewe muziki wa filamu zake. Tangu filamu ya Charulata ya mwaka 1964 aliishika kamera mwenyewe. Alichora mavazi, mapambo ya jukwaa na mabango. Mwaka 1961 huo huo alilifufua gazeti la babu yake, Sandesh, akaliandikia hadithi na kulichorea picha. Mwaka 1971 herufi za chapa alizozibuni zilishinda shindano la kimataifa.

Je, huu ulikuwa ubinafsi wa mtu asiyeweza kumwamini mwenzake? Sivyo. Alifanya kazi na mafundi walewale kwa miaka mingi. Sababu moja ilikuwa uchumi, lile somo asilolipenda. Soko la filamu za Kibengali lilikuwa dogo na fedha zake zilikuwa haba. Mtu aliyekwisha kuichora kila picha kabla ya kuwasha kamera hapotezi utepe wa filamu. Anajua pa kuanzia na pa kukatia. Kwa nchi maskini, mchoro wa wino ni akiba. Yafaa tulizingatie hilo sisi tunaopenda kusema kwamba kazi haifanyiki kwa sababu vifaa havijaletwa.

Yapo pia malalamiko dhidi yake, na si haki kuyaficha. Mwaka 1980, Nargis, mwigizaji maarufu wa Bombay ambaye alikuwa mbunge, alimshutumu Ray kwamba anauza umaskini wa India kwa wageni. Shutuma hii tunaijua hata sisi. Kila mwandishi au mchoraji akionyesha paa linalovuja, hutokea mtu wa kumwuliza kwa nini hakuonyesha jengo jipya la ghorofa.

Jibu limo katika kazi yenyewe. Mwaka 1973 Ray alitoa filamu iitwayo Ashani Sanket, kuhusu njaa ya Bengal ya mwaka 1943 iliyoua mamilioni ya watu wakati wa utawala wa Waingereza. Aliipiga kwa rangi, na mashamba ndani yake ni ya kijani na ya kupendeza. Wapo waliolalamika kwamba njaa haipendezi namna ile. Lakini jicho la mchoraji lilikuwa limeona jambo ambalo takwimu hazikulieleza: watu walikufa ilhali ardhi ilikuwa imestawi. Njaa ile haikuletwa na ukame. Ililetwa na vita, na mchele uliopanda bei na kutoroshwa, na watawala waliowasahau watawaliwa. Kuionyesha hivyo si kuuza umaskini. Ni kuwataja waliousababisha.

Na kama wapo wanaodhani kwamba sanaa ya kufurahisha watoto haina uzito, na waitazame Hirak Rajar Deshe ya mwaka 1980. Ni hadithi ya mfalme mwenye migodi ya almasi anayefunga shule, kwa kuwa mwenye kujua hatawaliki kwa urahisi, na kuwatia watu katika mtambo wa kuwajaza vichwani maneno ya kumsifu. Karibu kila mtu katika nchi hiyo husema kwa vina, kama kasuku aliyefunzwa. Mmoja tu ndiye anayesema maneno ya kawaida, kwa sababu akili yake haijafungwa. Huyo ni mwalimu wa shule. Sijui kama walimu wamepata kuheshimiwa zaidi ya hapo katika filamu yoyote.

Heshima hiyo haikuwa ya maneno tu. Mwaka 1972 Ray alitengeneza filamu fupi juu ya mwalimu wake wa Santiniketan, Benode Behari Mukherjee. Mzee huyo, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, alipofuka kabisa baada ya kupasuliwa, lakini hakuacha kufanya kazi kwa vidole vyake. Mwanafunzi aliyefunzwa kutazama alirudi kumtazama mwalimu asiyeona, na kuwaonyesha walimwengu kwamba kuona hakumo machoni peke yake. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu aondoke chuoni bila kumaliza.

Satyajit Ray alifariki tarehe 23 Aprili, 1992, wiki chache baada ya kupokea, akiwa kitandani hospitalini, tuzo ya heshima ya Oscar kutoka Marekani. Mwaka huo huo nchi yake ilimtunukia nishani ya Bharat Ratna, iliyo kubwa kuliko zote nchini India. Nishani huja mwishoni, na huja kwa waliokwisha kujulikana. Msaada wenye thamani ni ule unaokuja wakati mtu ana daftari tu.

Ndugu mtumishi, kesho huenda likaletwa mezani kwako ombi ambalo halina fungu lake katika kitabu cha makisio. Kabla ya kuandika kwamba halihusiki, lisome mpaka mwisho, kisha mwite mwombaji na umwulize anataka kufanya nini. Nawe ndugu mwalimu, ukikuta pambizo za daftari la hesabu zimejaa picha, msahihishe mtoto hesabu zake, kwani hesabu nazo atazihitaji. Lakini zile picha usizichane. Zitazame kwanza.