Mgeni Aulizwe Pia Atasafiri Vipi

Msafiri apitaye kliniki kabla ya likizo ya ugenini hushauriwa kuhusu malaria na chanjo ya homa ya manjano. Ni nadra kuulizwa ataendesha gari gani. Pengo hilo lafaa kuzibwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Mgeni aliyezoea kupita kulia, akikodi gari la kasi kwenda Morogoro, hulazimika kupita kushoto. Akiendelea na barabara ya Iringa, atakatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na twiga huvuka njia. Akipanda Uluguru, atakumbuka kwamba breki zinazokanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto na kupoteza nguvu. Hivyo hushukwa kwa gia nzito. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne.

Basi mhudumu wa afya aongeze swali hilo moja. Naye mwenye kukodi akague matairi, breki na mikanda ya viti vyote kabla ya kusifu injini. Kinga ya msafiri haiishii kwenye sindano.